Fundo la Upande wa Chini

Niliteleza mbele ya duka la mikate la Abílio,
asubuhi ya barafu, Covilhã nyeupe hadi kwenye mabomba ya moshi.
Mikate miwili ikabiringika mtaroni.
Ubavu wa kushoto ukasema: ta.

Hospitalini walinipitisha ndani ya bangili kubwa.
Vuta pumzi. Ishikilie. Iachie.
Sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuanguka.

Ubavu hauna neno, walisema, ufa tu, utaunga.
Lakini.
Kwenye tezi iliyokaa juu ya figo mithili ya kofia
kuna kinundu, milimita kumi na moja.
"Hukuja kwa ajili yake, wala sisi hatukukitafuta,"
akasema daktari Iolanda, kucha fupi, macho ya kukesha.
"Wengi wanacho. Wanazikwa nacho na miaka yao tisini, hawakijui.
Pengine si kitu. Tukitazame tena baada ya mwaka."

Nikashuka mlima nimebeba kitu ambacho si kitu.
Uzito wake, nani aniambie, hupimwa kwa mizani gani?

Wifi yangu Felismina alikuja na keki na orodha ya marehemu.
Belmiro alikoroma; mume wangu hulala kama gunia lililofika sokoni.
Mimi, saa tisa usiku, nilikuwa jikoni
na rula ya mjukuu, nikichambua maharagwe,
nikitafuta lenye milimita kumi na moja.
Nikalipata. Nikaliweka kwenye kisahani, peke yake.
Asubuhi Belmiro akalitumbukiza kwenye supu pamoja na wenzake,
na sikujua nani kati yetu alilila.

Ukimchunguza sana kuku, humli.
Haya, na kuku akiwa ni wewe?

Miaka thelathini na minne nilikaa dirisha la kaskazini,
kiwanda cha sufu, meza ya mshazari,
kitambaa kikishuka mbele yangu bila haraka
na vidole vikisoma. Kazi yangu ilikuwa mafundo.
Msimamizi wetu, Ermelinda, mkali kama siki,
alinichapa mkono siku niliyokata la kwanza kwa mkasi.
"Umetoa fundo, umeweka tundu!
Fundo si kosa, we mtoto. Uzi ulikatika, mtu akauunga.
Lisukume kwa sindano upande wa chini,
lilale huko, kitambaa kiende zake."
Vikaenda. Vikawa makoti. Watu wakaoa nayo,
wakanyeshewa nayo, wakakosana na mabosi wao,
na mgongoni, nyuma ya bitana, mafundo yangu yamelala.

Sikudanganyi: hekima hiyo hunishika hadi saa mbili usiku.
Baada ya hapo naupapasa ubavu, na nyuma ya ubavu,
mahali ambapo kidole hakifiki.
Vidole vilivyosoma kilomita za sufu
havijui kumsoma mwenye navyo.

Mwaka ukapita kama mgonjwa kwenye ngazi.
Bangili. Pumzi. Ishikilie.
Iolanda akageuza kioo cha kompyuta nione:
kivuli cha kijivu, kama alama ya dole gumba kwenye glasi.
Kumi na moja. Ileile.
"Huna haja ya kurudi kwa ajili yake."
Nilitaka kufurahi; nikajikuta nauliza
kama kinundu kina jina. Akacheka. Hakina.

Kwenye foleni ya basi, mbele yangu, lilisimama koti la kijivu,
sufu ya zamani, kola imechakaa.
Mkono ukanitoka kabla sijaukataza,
ukashika pindo, ukaligeuza upande wa chini.
Mwenye koti akageuka, kijana, kinywa wazi.
"Samahani," nikasema,
"nadhani nalifahamu."